Dang'a kwa ngozi kavu: inachoweza, isichoweza, na cha kupaka badala yake

*"Nimejifungua siku 12 zilizopita. Kabla ya kujifungua nilifundishwa kukamua dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, na kuigandisha kwenye sirinji ndogo. Mtoto ananyonya vizuri na maziwa yanatoka kwa wingi, kwa hiyo sirinji kadhaa zimebaki kwenye friza, kama mililita 30 hivi. Shida yangu ni ngozi. Mikono ilikuwa mikavu tangu ujauzito, sasa inapasuka kwenye viungo vya vidole. Miguu ina magamba kuanzia gotini kushuka chini, na visigino vina magaga. Mtoto naye anabambuka tumboni na kwenye vifundo vya miguu. Wifi yangu anasema nichanganye dang'a na asali nipake mikononi na usoni, na mtoto nimpake dang'a tupu mwili mzima, kwani ni dawa ya asili isiyo na madhara. Nimeona pia unga na krimu ya dang'a ya ng'ombe. Inafanya kazi kweli, au nitakuwa namwaga chakula cha mtoto?"*

Hongera kwa kujifungua, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kupaka. Nianze na jibu lenyewe. Dang'a yako mwenyewe haina ubaya mkubwa ikigusa ngozi yako isiyo na jeraha, lakini haitibu ukavu. Asali iache kabisa kwa sasa, kwa ajili ya mtoto. Mwili wa mtoto usiupake dang'a, kwa kuwa kubambuka unakokuona, kwa jinsi ulivyokueleza, ni kwa kawaida na kutaisha kwenyewe. Zile mililita 30 mpe mtoto azinywe. Mikono, miguu na visigino vyako vinahitaji vitu vingine, na vingi kati ya hivyo ni rahisi kuliko unavyodhani.

Wifi yako hajatoa wazo lake hewani. Dang'a ni kitu cha ajabu kweli. Matiti huanza kuitengeneza katikati ya ujauzito, na siku ya kwanza baada ya kujifungua hutoka kidogo sana, mililita 2 hadi 10 kwa mnyonyo mmoja, kwa sababu tumbo la mtoto linahitaji kiasi hicho tu. Ndani ya uchache huo mmesheheni protini za kinga: kingamwili aina ya IgA, laktoferini inayowanyima bakteria madini ya chuma, chembechembe nyeupe za damu zilizo hai, vitamini A, na protini zinazochochea seli kukua na kujirekebisha. Rangi yake ya manjano hutokana na beta-karotini. Mtu akisikia maneno "kinga", "kukua" na "kurekebisha" katika sentensi moja, ni rahisi kuona kuwa ngozi iliyopasuka nayo ingenufaika.

Tatizo ni kwamba dang'a imeundwa kwa ajili ya utumbo wa mtoto, na utumbo si ngozi. Ukuta wa ndani wa utumbo wa mtoto mchanga ni laini, wenye unyevu, na seli zake hai ziko juu kabisa, zinakutana na maziwa moja kwa moja. Kwenye ngozi, seli hai zimefunikwa na tabaka la seli zilizokufa, safu 15 hadi 20, lenye unene wa milimita 0.01 hadi 0.02 tu katika sehemu nyingi za mwili, na nene zaidi viganjani na nyayoni. Tabaka hilo ni jembamba, lakini ni gumu kupenyeka. Wataalamu wa ngozi wana kanuni inayojulikana tangu mwaka 2000: molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 hivi haipenyi ngozi nzima kwa kiasi cha maana. Sasa tazama vilivyomo kwenye dang'a. Ile protini ya kuchochea seli za ngozi kukua ina daltoni kama 6,000. Laktoferini ina takriban 80,000. Kingamwili IgA ya maziwa inakaribia 400,000. Vyote hivi vitabaki juu ya ngozi, vitakauka, na utaviosha pamoja na maji ya kunawa. Seli zilizokufa haziwezi kuambiwa zikue.

Halafu kuna swali ambalo watu huliruka: ngozi kavu inakosa nini hasa? Lile tabaka la juu limejengwa kama ukuta wa matofali na saruji. Seli zilizokufa ndizo matofali, na katikati yake kuna saruji ya mafuta ya aina tatu, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ndani ya seli zenyewe kuna vitu vinavyoshika maji: asidi amino, yurea na asidi ya laktiki. Saruji ikiyeyushwa, maji ya mwilini huvukia nje. Vile vinavyoshika maji vikioshwa, seli husinyaa, kingo zake hunyanyuka, na hapo ndipo unapoona magamba na kusikia ngozi inavuta. Ikiendelea hivyo, tabaka hupoteza unyumbufu na kuchanika kila unapokunja kidole.

Anayeyeyusha saruji hiyo kwa mama mwenye mtoto wa siku 12 si fumbo. Ni maji na sabuni. Unanawa kabla ya kumshika mtoto, baada ya kumbadilisha nepi, kabla ya kunyonyesha, kisha unafua na kuosha vyombo. Sabuni ya kipande ina pH ya 9 hadi 10, wakati ngozi inapenda hali ya uchachu, pH 4.5 hadi 5.5 hivi. Kila unaponawa kwa sabuni hiyo, ngozi huhitaji muda mrefu kurudi katika uchachu wake, na wewe unanawa tena kabla haijarudi. Ongeza kwamba viganja na nyayo havina kabisa tezi za mafuta, na miundi ina chache. Ndiyo maana uso wako haujalalamika sana na mikono, miguu na visigino vimeathirika. Kunywa maji mengi hakutaziba nyufa hizo. Mama anayenyonyesha anywe kila anaposikia kiu, ndiyo, lakini maji ya kunywa hayarejeshi mafuta yaliyooshwa juu ya ngozi.

Ukiweka dang'a juu ya ngozi ya namna hiyo, unaweka kitu ambacho asilimia 87 hivi ni maji. Mafuta yake ni asilimia 2 hivi, pungufu hata ya maziwa yanayokuja baadaye, ambayo yana kama asilimia 3 hadi 5. Maji yatavukia ndani ya dakika chache. Mafuta yaliyobaki ni machache mno kuzuia chochote. Protini na sukari ya maziwa zitaacha utando mwembamba unaovuta ngozi ukikauka. Kulowanisha ngozi na kuiacha ikauke bila kuifunika na mafuta, tena na tena, ni mojawapo ya njia za uhakika za kuikausha zaidi. Hili linahusu dang'a, maziwa ya kawaida, na hata maji matupu.

Mbona basi wapo wanaosema ngozi yao ililainika? Siwapingi. Utando wa protini hulaza kingo za magamba kwa saa moja au mbili, na ngozi ikiguswa huonekana nyororo. Sukari ya maziwa ikianza kuchacha hutoa asidi kidogo ya laktiki, ambayo kweli hulegeza magamba. Kwenye krimu, asidi hiyo hupimwa kwa asilimia inayojulikana na kuwekwa pamoja na mafuta ya kufunika. Kwenye maziwa yaliyoachwa yachache, hakuna anayejua ni kiasi gani kimetokea, na bakteria walioitengeneza hawakuja peke yao.

Utafiti nao umegusa jambo hili, ingawa umehusu zaidi maziwa ya mama kwa jumla na pumu ya ngozi (ekzema) ya watoto, si dang'a na ukavu wa mtu mzima. Mwaka 2015, jaribio lililofanywa Iran kwa watoto wachanga wenye pumu ya ngozi isiyo kali lilikuta maziwa ya mama yakileta nafuu inayokaribiana na ya krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1. Mwaka huohuo, jaribio dogo sana la Norwe lililolinganisha maziwa mabichi ya mama pamoja na krimu ya kulainisha, dhidi ya krimu hiyo peke yake, halikuona faida ya kuongeza maziwa. Kwa matokeo yanayokinzana namna hii siwezi kumwambia mtu aache matibabu yanayojulikana. Mahali ambapo maziwa ya mama yana nafasi yake halali ni kwenye chuchu zilizochubuka. Mapitio ya tafiti za maumivu ya chuchu yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa kupaka matone ya maziwa yako mwenyewe, au kutopaka kitu, kulikuwa sawa na kupaka marhamu ya lanolini au hata bora kidogo. Kwa hiyo chuchu zikiuma, kamua matone mawili baada ya kunyonyesha, paka, acha yakauke kwa hewa kabla ya kuvaa sidiria. Ila ujue kwamba chuchu huchubuka kwa sababu mtoto hajashika titi vizuri, na asiporekebishwa namna anavyoshika hakuna cha kupaka kitakachotosha.

Sasa nije kwenye neno "asili isiyo na madhara", kwa sababu hapa ndipo ushauri uliopewa unaweza kuumiza.

Asali kwanza. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu. Wewe mtu mzima utumbo wako unazimudu. Mtoto aliye chini ya miezi 12 hawezi: mbegu huota ndani ya utumbo wake, hutoa sumu, na sumu hiyo hulegeza misuli, kuanzia kushindwa kunyonya hadi kushindwa kupumua. Mikono yenye asali ndiyo itakayoshika chuchu, ndiyo itakayomfuta mdomo. Hakuna kiasi kidogo ninachoweza kukuambia kuwa ni salama. Iache hadi atimize mwaka.

Pili, maziwa ni chakula cha bakteria pia. Yaliyokamuliwa hukaa salama kwa saa 4 hivi katika joto la kawaida la chumba lisilozidi nyuzi 25, siku 4 kwenye jokofu, na ni bora kuyatumia ndani ya miezi 6 yakiwa kwenye friza. Yakishayeyushwa ndani ya jokofu, yatumike ndani ya saa 24 na yasigandishwe tena. Masharti hayo ni ya kuyanywa, na mfuko wa asidi tumboni husaidia kuua waliopenya. Ngozi iliyopasuka haina msaada huo. Ufa kwenye kiungo cha kidole ni mlango wazi, na kuupaka kimiminika chenye sukari na protini kisha kukiacha hapo usiku kucha ni kuwakaribisha bakteria mahali unapotaka wasiingie.

Tatu, dang'a ya mtu mwingine usiiguse kwa kazi hii, hata akiwa ndugu unayempenda. Maziwa ya mama yanaweza kubeba virusi, VVU vikiwemo, na ngozi yenye nyufa si kinga ya kutegemea.

Nne ni jambo ambalo watu wengi hawalijui. Protini ya chakula ikipakwa mara kwa mara kwenye ngozi iliyochubuka, mwili unaweza kuitambua kama adui, na mtu akapata mzio wa chakula alichokuwa akikila bila shida. Huko Japani sabuni ya uso iliyokuwa na protini ya ngano iliyovunjwavunjwa iliwaletea zaidi ya watu 2,000 mzio wa ngano, baadhi yao wakizimia baada ya kula mkate, na sabuni hiyo ikaondolewa sokoni mwaka 2011. Maziwa yako mwenyewe ni ya mwili wako, hivyo hatari hiyo ni ndogo kwako. Maziwa ya ng'ombe si ya mwili wako, wala si ya mwili wa mtoto.

Hilo linatupeleka kwenye unga na krimu ulivyoviona. Dang'a ya ng'ombe ni nzito kuliko ya binadamu, na imejaa kingamwili aina ya IgG kwa sababu maalumu: kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili, kwa hiyo ndama huzaliwa bila kinga na hutegemea kunywa lita 3 hadi 4 ndani ya saa chache za mwanzo, kabla utumbo wake haujafunga njia ya kuzipokea. Ni kinga dhidi ya magonjwa yanayomkabili ng'ombe, kwa njia ya utumbo wa ndama. Ikiwa mbichi, inaweza kubeba vimelea vya brusela, na hivyo huingia mwilini hata kupitia mikwaruzo ya ngozi, achilia mbali kifua kikuu cha ng'ombe. Usipake kabisa. Unga uliochakatwa una hatari ndogo zaidi ya vimelea, lakini ukiuchanganya na maji unakuwa umetengeneza chakula cha bakteria kisicho na kihifadhi chochote, na protini za ng'ombe zikiwa mumo humo.

Krimu za viwandani ni habari nyingine. Nyingi hulainisha ngozi kweli. Geuza chupa usome orodha ya viambato, ambavyo kwa kawaida hupangwa kuanzia kilicho kingi. Utakuta maji, glisirini, mafuta fulani, pengine mafuta ya mgando, kisha mbali chini karibu na manukato ndipo dang'a inatajwa. Kinacholainisha ni vile vya juu, na krimu isiyo na dang'a yenye viambato hivyohivyo itafanya kazi ileile bila mzio wa kuhofia. Kama mwenye ngozi ana mzio wa maziwa au pumu ya ngozi, asiipake.

Basi tushughulike na ngozi yako, tukianza na mikono, kwa sababu ndiyo inayouma na ndiyo inayomshika mtoto.

Nawa kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa sabuni ya maji isiyo na manukato, kiasi kidogo. Vua pete, maana sabuni hujificha chini yake na kuendelea kuchoma. Suuza vizuri, kausha kwa kugusisha taulo bila kusugua, hasa katikati ya vidole. Ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, ndani ya dakika 3, paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Kiasi cha kutosha ni ukanda unaoanzia ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo chake cha kwanza, takriban nusu gramu. Huo unatosha eneo la viganja viwili, kwa hiyo mikono yote miwili, mbele na nyuma, inahitaji kanda mbili. Watu wengi hupaka robo ya kiasi hiki halafu husema mafuta hayafai. Rudia kila baada ya kunawa. Ikiwa unajisikia mteleko unapomshika mtoto, mchana tumia krimu yenye glisirini, ambayo hunywewa upesi, na mafuta ya mgando uyaweke kwa ajili ya usiku. Usiku paka mara mbili ya kiasi cha mchana, kisha vaa glavu za pamba.

Mafuta ya mgando yanadharauliwa kwa kuwa ni ya bei ndogo na hayana hadithi nzuri, lakini hakuna kiambato cha kawaida kinachozuia maji kuvukia kutoka kwenye ngozi kama hayo. Hayana protini, kwa hiyo mzio wake ni nadra sana. Hayana maji, kwa hiyo bakteria hawastawi ndani yake, mradi usichote kwa vidole vichafu. Jambo moja la usalama: nguo na shuka zilizolowa mafuta haya hushika moto kwa kasi, kwa hiyo kaa mbali na moto wa wazi ukiwa umejipaka.

Unapofua nepi na kuosha vyombo, vaa glavu za mpira, na ndani yake zile za pamba ili jasho lisikae kwenye ngozi. Usizivae zaidi ya dakika 20 mfululizo, na zikiingia maji zivue mara moja, maana sabuni iliyonaswa ndani ya glavu hudhuru kuliko kufua mikono mitupu. Ufa uliokwisha kufunguka ujaze mafuta ya mgando na ufunike kwa plasta mchana. Ukitunza hivi, mikono huanza kutulia ndani ya wiki moja, ila nyufa kufunga vizuri huchukua wiki 2 hadi 3. Usiache nafuu ikianza. Kosa ninalolijua zaidi katika ukavu wa mikono ni kuacha siku ngozi inapoonekana nzuri, kabla saruji ya ndani haijajengeka.

Miundi ni rahisi. Oga kwa dakika 5 hadi 10, maji ya uvuguvugu, sabuni iishie makwapani, sehemu za siri kwa nje na nyayoni. Miundi haihitaji sabuni kila siku. Baada ya kujifuta nusu, paka krimu yenye yurea asilimia 5 hadi 10 mara moja au mbili kwa siku. Yurea ni mojawapo ya vile vitu ambavyo ngozi yenyewe hutumia kushika maji. Glisirini nayo ni nzuri, ila isipakwe ikiwa tupu. Ikiwa haijachanganywa huvuta maji kutoka ndani ya ngozi na kunata. Changanya sehemu moja ya glisirini na sehemu mbili au tatu za maji safi yaliyochemshwa yakapoa, tengeneza kidogo cha siku hiyo tu, paka, kisha funika kwa mafuta. Ukipaka kwa kushuka chini kufuata vinyweleo, vijishimo vyake haviwaki sana.

Magaga yanahitaji nguvu zaidi, kwa sababu ngozi ya kisigino ni nene. Loweka miguu dakika 10, sugua taratibu kwa jiwe la miguu bila kukata kwa wembe, kausha, kisha paka krimu ya yurea asilimia 20 hadi 25 na uvae soksi ulale nazo. Kwenye ufa unaotoa damu usiweke yurea, itachoma. Hapo weka mafuta ya mgando na plasta hadi ufunge. Tarajia wiki 4 hadi 6. Yurea usiipake kwenye titi, na nawa mikono uliyopakia kabla ya kumshika mtoto, kwani ngozi yake huwashwa nayo. Marhamu yenye kafuri usiyaweke karibu naye kabisa. Kafuri ni sumu kwa mtoto mchanga.

Kuhusu uso wako, hujaniambia kuwa una shida. Kama ni mkavu kidogo, krimu nyepesi isiyo na manukato baada ya kunawa inatosha.

Mtoto sasa. Tumboni alikuwa ndani ya maji, amefunikwa na ule utando mweupe wa mafuta. Akitoka kwenye hewa kavu, tabaka la juu hujiachia na jipya huchukua nafasi. Hutokea kwa watoto wengi katika wiki mbili za kwanza, na zaidi kwa waliozaliwa baada ya tarehe yao. Chini ya magamba utaona ngozi laini yenye rangi ya kawaida. Usiyavute wala kuyasugua. Mwogeshe mara 2 au 3 kwa wiki, dakika 5 tu, maji ya uvuguvugu unayoyapima kwa kiwiko, na siku nyingine mfute uso, shingo na eneo la nepi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 haupendekezi kumpaka mafuta kila siku mtoto mwenye afya aliyezaliwa kwa wakati wake kwa lengo la kuzuia magonjwa ya ngozi. Kama kwenye vifundo vya miguu panachanika, paka utando mwembamba wa mafuta ya mgando hapo tu. Mafuta ya zeituni, ingawa yana sifa nyingi jikoni, yana asidi ya oleiki kwa wingi, na imeonekana kudhoofisha tabaka la juu la ngozi.

Kwa nini asipakwe dang'a mwili mzima? Kwa sababu itakwenda kukaa kwenye mikunjo ya shingo, kwapa na mapaja, mahali ambapo hewa haipiti, na hapo maziwa yaliyochacha huleta wekundu, harufu na fangasi. Na machoni pake, akitoka usaha, usidondoshe dang'a ukasubiri. Usaha mwingi kwenye macho ya mtoto wa siku chache unaweza kuwa maambukizi yanayoharibu kuona, na anahitaji kuonwa siku hiyohiyo.

Ikiwa bado unatamani kujaribu kwenye ngozi yako, sikukatazi. Tumia matone yaliyokamuliwa muda huohuo baada ya mtoto kushiba, kwa mikono safi, eneo dogo lisilo na ufa wala upele. Acha dakika 10, suuza, kausha nusu, kisha paka mafuta ya mgando juu. Fanya hivyo kwa mkono mmoja na mwingine upake mafuta peke yake kwa wiki moja. Utajionea mwenyewe ni kipi kimefanya kazi. Ile ya friza iyeyushe ndani ya jokofu, uiache ipate joto la chumba, umpe mtoto taratibu kwa sirinji ndani ya shavu, siku yoyote unayotaka. Kinga iliyomo humfaa hata sasa ambapo maziwa yako yamebadilika.

Nenda kituo cha afya ukaonwe kama baada ya wiki 2 za kufanya haya kwa uaminifu mikono haijapata nafuu, kama nyufa zinatoa usaha au ukoko wa rangi ya asali, kama wekundu unasambaa au una homa. Malengelenge madogo yaliyofanana, yanayouma, juu ya ngozi yenye ekzema hayangojei kesho. Kuwashwa kunakozidi usiku, na wengine nyumbani nao wakijikuna, huenda ni upele wa kuambukiza (skabizi), na huo una dawa yake kwa familia nzima kwa wakati mmoja. Ukavu wa mwili mzima unaoambatana na uchovu usioelezeka, kuhisi baridi na kufunga choo unaweza kutoka kwenye tezi ya thairoidi, ambayo kwa baadhi ya wanawake huyumba miezi kadhaa baada ya kujifungua. Hiyo hupimwa kwa damu. Kama una kisukari, magaga yakipasuka usiyahudumie peke yako. Na doa moja kavu, lisilotoa jasho, ambalo ukiligusa kwa pamba husikii chochote, lipelekwe kupimwa ukoma. Unatibika kabisa, na ukiwahiwa hauachi ulemavu.

Mtoto mpeleke siku hiyohiyo akiwa na malengelenge au vipele vyenye usaha, ngozi nyekundu mwili mzima, ngozi iliyokaza na kung'aa kama imefunikwa na utando, umanjano unaoongezeka au kufika viganjani na nyayoni, homa ya nyuzi 38 au zaidi, au akigoma kunyonya. Kubambuka kukiendelea baada ya wiki 4 au kukija na magamba makubwa, mwonyeshe hata kama anaonekana mzima.

Siku ya kwenda, usipake kitu chochote asubuhi ili ngozi ionekane ilivyo, na beba kila kopo na chupa ulizowahi kutumia, hata zile unazoona haya kuzitaja. Mara nyingi chanzo kiko ndani ya mojawapo.